Gunia la Bernard

Kuna duka moja la chakula cha mifugo hapa Baraka, si mbali na soko, ambalo mimi sipiti mbele yake. Nikitoka kazini nazunguka kwa nyuma, nakanyaga tope la akina mama wanaoanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, naruka mtaro, halafu narudi barabarani kule mbele. Sina ugomvi na mwenye duka, ni mtu wa watu na hunisalimu kwa heshima. Ni harufu tu. Anauza chakula cha kuku, na akifungua magunia asubuhi barabara nzima inanuka majani makavu yaliyosagwa, soya, na kitu kitamu kilichochacha kidogo. Wenzangu wanapita pale wakipiga soga. Mimi nikiivuta harufu ile mara moja, hasira inanipanda, na siku hiyo hata watoto wangu wananikwepa. Nimeshapita miaka thelathini na mitano, nina kazi yangu na nyumba yangu, lakini hasira hii ni ya mtoto wa miaka kumi na haijapungua hata chembe. Nataka nieleze ilikotoka, kwa sababu nimechoka kuzunguka.

Baba yangu alikuwa mpishi. Alimpikia mzungu mmoja aliyekuja kujenga upya madaraja ya barabara yetu baada ya vita ya kwanza ya hapa kwetu, na kwa sababu hiyo mji mzima ulimwita muzungu wa madaraja. Baba alimwita patron, yaani bosi, na neno hilo alilitamka akiwa amenyoosha mgongo, hata patron akiwa hayupo. Mzungu huyo alikuwa na binti mdogo, na binti alikuwa na kobe aliyenunuliwa ng'ambo ya ziwa, Kigoma, mnene, mwenye madoa meusi na manjano mgongoni. Jina lake Bernard. Nyanya yangu alipolisikia aliuliza ni padri gani aliyembatiza, na tangu siku hiyo watu wa mtaa wetu walikuwa wakimsalimia baba kwa kumuuliza hali ya Bernard kabla ya kumuuliza hali yetu. Bernard alikuwa na chakula chake cha dukani, vidonge vigumu vya kijani, kila kimoja kama ncha ya kidole changu kidogo. Vilikuja kwa ndege kisha kwa mtumbwi wa injini, ndani ya gunia lililochorwa kobe anayecheka. Sisi watoto tulilishangaa sana gunia lile, kwa kuwa hatukuwa tumewahi kuona mnyama anayeletewa chakula kutoka mbali wakati amesimama juu ya majani.

Vita ya pili ilipoanza, wazungu waliondoka kwa siku moja. Boti yao ilielekea upande wa Ubwari, ikapinda, na hatukuiona tena. Kabla ya kupanda, patron alimwita baba ufukweni. Mimi nilikuwepo, nimeshika kikapu cha sufuria alizotuachia. Yule binti alikuwa analia, kobe haruhusiwi kwenye boti. Patron akamkabidhi baba Bernard ndani ya katoni, akamkabidhi gunia zima lililokuwa limefunguliwa juzi tu, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono pande zote mbili, kwa Kifaransa. Alieleza mambo mengi haraka haraka huku akionyesha karatasi kwa kidole. Baba aliitikia kila sentensi kwa "Oui, patron." Kisha akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Niliona fahari usoni mwake. Watu wangapi Baraka walikuwa wamekabidhiwa kitu na mzungu kwa maandishi? Sikujua bado kwamba baba yangu, mpishi aliyejua majina ya michuzi kwa Kifaransa, hakuwa anajua kusoma hata jina lake.

Tulikaa mjini miezi michache, tukilala na viatu. Habari za mauaji ya kijiji cha Makobola zilipotufikia hatukungoja kuambiwa mara ya pili. Tulipanda milimani, upande wa Fizi, kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa na shamba la muhogo na nyumba ya udongo ya vyumba viwili. Mama alimbeba mgongoni mdogo wangu Mwavita, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alizaliwa katika vita ya kwanza, na kichwani akabeba godoro na masufuria. Mimi nilibeba mikeka na chumvi. Baba alimbeba Bernard kwapani na gunia la Bernard kichwani. Unga wetu, debe zima la unga wa mahindi, ulibaki nyuma ya mlango kwa sababu hapakuwa na kichwa kingine cha kuubeba. Mama aliligeukia debe lile mara mbili. Kisha akatangulia njiani. Na mimi, ambaye leo sijui kunyamaza, siku ile nilimfuata tu.

Sasa lazima nieleze desturi ya kwetu, la sivyo mtu atadhani baba alikuwa na wazimu. Kwetu mgeni hapewi majani. Sombe ni tamu, lengalenga ni tamu, matembele tunayala kila wiki, lakini ukimwekea mgeni sahani ya majani matupu umemwambia hadharani kwamba huna haja naye. Mgeni hupewa samaki, hupewa kuku, na nyumba ikiwa haina kitu mama atatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuazima kwa jirani. Baba alimchukua Bernard hivyo hivyo. Hakuwa mnyama, alikuwa mgeni wa watu, amewekwa amana. Shangazi alifagia kipande cha uwanja mpaka udongo ukang'aa, wakakizungushia fito, wakamweka humo ndani, pasipo hata unyasi mmoja, maana uwanja wenye nyasi ni uwanja wa mvivu. Asubuhi na jioni baba alimletea vidonge kwenye sahani ya bati yenye maua, sahani pekee nzuri tuliyokuwa nayo. Bernard alikula, akasukuma kichwa kati ya fito, akanyoosha shingo kuelekea magugu ya nje mpaka ngozi ikavutika. Nilipomng'olea magugu siku moja, baba aliyaokota akayatupa. "We Apendeki," akaniambia, "ule ni mugeni. Mugeni hatumupe majani kama mbuzi."

Majani tulikula sisi. Ziwa lilikuwa limefungwa, askari walizuia mitumbwi, na ndakala zilizopanda mlimani zilikuwa chache, tena za wenye uwezo. Tulikula ugali wa muhogo na sombe, sombe na ugali wa muhogo, bila mawese, mwishowe bila chumvi. Mtu mzima anaweza kuvumilia hayo kwa muda. Mwavita alikuwa na miaka miwili na miezi, ametoka tu kuachishwa ziwa. Kwanza aliacha kucheza. Halafu nywele zake zikawa laini, nyekundunyekundu, ukizivuta zinatoka bila yeye kulia. Halafu miguu ikavimba. Nilikuwa nikibonyeza mguu wake kwa kidole gumba, shimo linabaki pale, nami nahesabu mpaka lijae. Shangazi alitazama mara moja tu akasema ni bwaki. Kila mtu kwetu anaijua bwaki. Ni mtoto kula na kushiba tumbo huku mwili hauoni kitu. Mama alianza kumbeba tena mgongoni kutwa nzima, na nikajua anaogopa kumweka chini.

Na pale uwanjani Bernard alikuwa anaharibika kwa upande wake. Hapo ndipo hasira yangu huwa inashindwa hata mahali pa kuanzia. Gamba lake lililokuwa laini kama bakuli lilianza kupanda vilima, kila doa likijiinulia kichuguu chake. Macho yalitoa maji. Mavi yake yalikuwa maji. Baba alidhani mgeni ana huzuni ya kumkosa binti wa patron, akamwongezea vidonge. Nyumba moja, uwanja mmoja: huku mtoto anavimba kwa majani, kule kobe anavimba kwa vidonge, na katikati mwanamume mzima mwenye akili zake anapita na sahani yenye maua. Majirani walimpachika jina la Baba Kobe. Alilisikia, akatabasamu, akadhani wanamsifu.

Sikumbuki siku niliyoamua. Nakumbuka tu kwamba pichani, juu ya gunia, palikuwa pamechorwa soya, na soya niliijua. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitufundisha kwamba soya hujenga mwili. Basi baba akishakwenda kuchanja kuni, nilikuwa nachota konzi moja, naloweka kwenye kikombe nyuma ya choo mpaka vidonge vivimbe viwe rojo, nampa Mwavita kwa kidole. Mara ya kwanza alitema. Mara ya pili alinyonya kidole mpaka kikaniuma. Nilionja na mimi, sitaficha. Ilikuwa na ladha ya ukoka uliomwagiwa chai. Siku nne, tano, nikafanya hivyo, na siku ya sita Mwavita aliokota kijiti akakipiga chini, tap tap, mchezo wake wa zamani. Nililia kule nyuma ya choo. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama pale na panga la kuni mkononi, anakitazama kikombe.

Alinivuta sikio mpaka uwanjani. Mama alikuwa anamenya muhogo na shangazi anapembua. "Nani alikufundisha kuiba?" baba akauliza. "Hii si yetu. Hii iko ya patron. Ameniandikia yote, kila kidonge." Akanichapa fimbo za miguuni, mbili tatu, na mimi badala ya kukimbilia kwa shangazi nikakimbilia ndani. Nilijua inapokaa ile karatasi. Ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na kadi yake ya ubatizo na cheti cha kazi. Kila Jumapili alikuwa anaitoa, anaikunjua, macho yanakwenda na kurudi, anaikunja. Nikaitoa nikarudi nayo nje, nikasimama mahali ambapo mkono wake haufiki, nikaisoma kwa sauti. Kifaransa changu kilikuwa cha shule ya msingi, lakini patron alikuwa amemwandikia mpishi, kwa maneno mepesi na herufi kubwa. Chakula cha gunia: konzi moja ndogo, mara mbili kwa wiki, isizidi. Siku zote zilizobaki: majani mabichi, nyasi, magugu, maua, kila kinachoota. Vidonge vikizidi, gamba litapanda na halitarudi. Mwache atembee kwenye nyasi. Nilisoma mstari baada ya mstari, nikitafsiri, na sauti yangu ikizidi kupanda kwa raha mbaya, kwa kuwa nilikuwa nawaona mama na shangazi wakiacha kazi zao. Nikageuza upande wa pili. Mstari wa kwanza wa huko ulianza na neno "Ikiwa". Sikufika mbali zaidi. Baba alikuwa amenifikia, akanipiga kofi lililonilaza chini, akaichukua karatasi.

Mama alisimama akajipangusa mikono kwenye kitenge. Walikuwa wameoana miaka kumi na mbili. "Baba Apendeki," alisema, pole pole, "kumbe hujui kusoma." Baba akaikunja karatasi mara nne. Nami pale chini, mdomo umejaa damu, nilielewa kwa nini barua zote za baba mdogo kutoka Kalemie, ambazo baba alitusomea kwa miaka, zilisema jambo lile lile: anatusalimu sana, na mvua ni nyingi. Mama alikwenda kwenye pembe ya nyumba, akalinyanyua gunia, akalipeleka jikoni kwa shangazi. Baba akamfuata mpaka mlangoni. Akamwambia, na sisi sote tulisikia, kwamba anaiba mali ya watu, na kwamba Mungu anamwona. Mama alimjibu akiwa amempa mgongo. "Anione. Mi sitazika mutoto juu ya kobe."

Kuanzia siku ile mama ndiye aliyetawala gunia. Jumatatu na Ijumaa alimpimia Bernard konzi moja, konzi yangu mimi, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa mdogo. Siku nyingine fito ziliondolewa na Bernard akajiendea kwenye magugu na kwenye lengalenga za shangazi, na baada ya wiki chache macho yake yakakauka, akawa anatembea mpaka ikabidi tumtafute. Vidonge vilivyobaki mama alivitwanga, akavichekecha kwa kitambaa, akavichanganya na unga kidogo uliopatikana, akampikia Mwavita uji wa kijani. Uvimbe ulishuka pole pole. Nywele zilikawia zaidi. Nilipobonyeza mguu wake na shimo lisibaki, nilikwenda kumwita mama shambani kwa mbio, naye alipofika akabonyeza mwenyewe, mara nyingi, mguu huu na ule, mpaka Mwavita akakasirika. Baba alikuwa amekaa mlangoni. Kwa miezi mitatu hakumsemesha mama ila kupitia kwangu, na mimi nilipeleka maneno yao nikiwa nimewakasirikia wote wawili. Karatasi sikuiona tena. Kopo lilipata kufuli ya waya.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Mtoto alipona, kobe alipona, tukarudi Baraka wakati mji uliporudi kuwa mji. Lakini neno la baba lilikuwa limemwingia mama kama mwiba uliovunjikia ndani. Sisi ni Wakatoliki, na mama alikuwa amefundishwa tangu utoto kwamba aliyeiba hawezi kupokea komunyo mpaka arudishe alichoiba. Angerudisha wapi, na kwa nani? Kila Jumapili watu waliponyanyuka kwenda mbele, mama alivuta miguu pembeni ili tupite, akabaki benchini na wale wanaojulikana kwa dhambi zao. Wanawake wa jumuiya walianza kuulizana ana nini. Mwanamke aliyemtoa mtoto wake kaburini kwa mikono yake alikaa miaka kwenye benchi ya wadhambi, na baba alipita mbele yake kila wiki, viganja vimeunganishwa, akaenda kukomunika. Nilikuwa namtazama mgongo. Mungu anisamehe kwa niliyokuwa nayawaza kanisani.

Patron alirudi mara moja. Nilikuwa darasa la tano la sekondari, Mwavita ana miaka tisa. Gari nyeupe ilisimama mbele ya nyumba bila taarifa, na mama, alipoona ni nani, aliingia jikoni akajifungia kwa kitasa. Alidhani amefuata gunia. Patron alikuwa amenenepa, mwenye furaha, akamshika baba mabega, akataka kumwona Bernard. Alipomnyanyua, furaha ikamtoka. Akapitisha kidole juu ya vile vilima, kimoja baada ya kingine. Akaniambia nimwambie baba kwamba alimwandikia: vidonge vichache, majani mengi. Gamba hili sasa halitanyooka tena maisha yake yote. Baba akasema "Oui, patron" kabla sijatafsiri. Kisha mzungu akamwona Mwavita aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akampa peremende, akaniuliza ana miaka mingapi. Nikamwambia tisa. Akacheka kwa upole, akanirekebisha Kifaransa changu, akasema bila shaka nilitaka kusema sita. Sikumjibu. Mpaka leo najibu, nikiwa peke yangu, nikipika, nikifua, natunga majibu. Nilikuwa na Kifaransa cha kutosha kumweleza ni nani mwingine aliyedumaa kwa kukosa majani yake na vidonge vyake kwa vipimo, na nikasimama pale kama mjinga. Alikaa saa moja. Hakuuliza habari za gunia, wala hakurudi tena. Mama alitoka jikoni jasho likimtiririka, akasema mzungu atakuja siku nyingine kulidai, na siku hiyo atalikuta.

Hatukuelewa maana yake mpaka alipokufa. Aliondoka kwa maradhi ya tumbo, haraka, na tulipotoa kitanda chake kwa ajili ya matanga ile harufu ikanipiga usoni kabla sijaona kitu. Kule chini, ukutani, limefunikwa kwa kitenge chake kizuri, palikuwa na gunia zima la chakula cha kuku. Chakula cha kobe asingekipata popote, basi alinunua kilichofanana nacho. Lilikuwa limeshonwa bado, na panya walikuwa wamekwisha kulitoboa kwa nyuma. Alikuwa anamngojea patron. Mwavita alikaa chini akalia. Mimi nililiburuta gunia lile mpaka uwanjani mbele ya waombolezaji, nikalimwaga lote kwenye shimo la takataka, nikawasha moto. Wazee walisema si adabu. Sikuwasikiliza.

Baba ameishi na mimi tangu hapo, kwa kuwa ni baba yangu na hakuna pengine. Mwaka uliopita macho yake yalianza kuingia ukungu, na asubuhi moja alinikuta natwanga sombe, akaniwekea lile kopo miguuni. Waya ulikuwa umeota kutu. "Nisomee," akasema. "Yote." Karatasi ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, ikabidi niipange juu ya ungo kama vipande vya chungu. Nikasoma upande wa kwanza, ule ninaoujua kwa kichwa. Nikageuza vipande kimoja kimoja. Nikasoma: Ikiwa hali itakuwa mbaya, usijisumbue na Bernard. Mwachilie kwenye nyasi, atajilisha mwenyewe. Gunia ni lenu, wapeni kuku, au litumieni mnavyoona vema. Asante kwa kila kitu, na busu kwa watoto.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa kwenye goti. Aliniambia nisome tena mstari wa gunia, nikasoma. Akaomba mara ya tatu, nikasoma. Kisha akauliza, na ninaapa aliuliza kama mtu anayenilaumu, "Siku ile kwa shangazi yako, mbona haukufika hapo?"

"Ulinipiga mbele sijafika," nikamjibu.

Hilo ndilo jambo la mwisho tuliloongea juu ya gunia. Sijamsamehe. Watu wa jumuiya wanasema nimsamehe, ni mzee, hakujua. Ni kweli hakujua, lakini alikuwa na binti wa miaka kumi anayejua, amesimama mbele yake anamsomea, na mkono wake ukawa mwepesi kuliko sikio lake. Mama amelala kule juu makaburini, mwizi wa kitu kilichokuwa chake.

Bernard bado yupo. Atatuzika sote. Anakula matembele, magugu ya uzioni, maua ya maboga yaliyoanguka, na vidonge hajaviona tangu vita. Vilima vya mgongoni havijashuka, patron alisema kweli. Mwavita huja Jumamosi kumchumia lengalenga akiwa na mtoto wake mgongoni, mtoto mrefu, miguu yake karibu inaburuzika nyuma ya mama yake, na watu wasiowajua huuliza kwa nini mnambebesha mtoto mwenzake. Yeye hucheka. Hana hasira, anampenda yule kobe, anampenda na baba, na hilo nalo linaniudhi.

Mimi nafanya kazi kwenye kituo cha lishe. Siku hizi chakula cha watoto wenye bwaki huja kwenye vipakiti vyenye maandishi madogo nyuma, kwa Kifaransa na lugha nyingine ambazo mama aliyetoka Fizi au Ubwari hana habari nazo. Wenzangu huwagawia, wanawauliza kama wameelewa, na akina mama wote wanaitikia ndiyo. Mimi siulizi nani anajua kusoma. Niliwahi kuuliza, mkono hata mmoja haukuonekana. Kila Jumanne nasimama mbele yao na pakiti mkononi, nasoma kwa Kiswahili chetu, kila mstari, upande wa mbele na wa nyuma, mpaka jina la kiwanda. Wananung'unika kwamba Mama Apendeki, wanavyoniita, anachelewesha foleni. Baba hujikokota mpaka pale na fimbo yake, anakaa kwenye benchi ya nyuma kati ya akina mama, ingawa hana mtoto wa kupimwa. Huwa anatega sikio. Simsalimii nikiwa kazini, lakini nikifika upande wa pili wa pakiti napandisha sauti, ili na yeye asikie mpaka chini.